Msemaji wa Arobaini

Kosa lilikuwa la Ladislaus, na mwenyewe alilikiri mapema, jambo ambalo si kawaida ya wenyeviti wa vijiji. Wizara ilipomwandikia mwaka uliotangulia ikimtaka achague mwezi wa mashauriano kuhusu lugha yao, alikuna kichwa siku mbili, kisha akachagua Machi. Machi mvua inakuwa imejaza mabwawa ya chumvi, matanuri yamezimwa, watu wote wako nyumbani wanakula viporo na kusengenyana. Hata mama yake, Felista, aliyekuwa na desturi ya kupinga kila neno la mwanawe, siku ile alisema afadhali. Hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kufa Januari.

Felista akafa Januari. Leokadia, binti yake wa pekee, ndiye aliyemfumba mdomo.

Sasa, kwa Wahesu wa Ivumbo, anayemfumba maiti mdomo naye hufunga wake. Si kwamba anakuwa bubu. Kiswahili ruksa, hicho ni cha watu wote, anaweza kukisema mpaka kimchoshe. Ila Kihesu hakitoki kinywani mwake mpaka msimu mpya wa chumvi, pale bwawa la kwanza linapokauka na mzee wa ukoo mwingine anamwekea punje ya kwanza ulimini. Hapo neno la kwanza analolitamka ni jina la ukoo la marehemu, na jina likishatamkwa hivyo linakuwa limefunguka, mtoto yeyote wa ukoo anaweza kupewa. Likitangulia neno lingine, hata liwe dogo namna gani, jina limezikwa pamoja na mwenyewe, na halirudi.

Bwawa la kwanza hukauka Juni. Wizara ilikuwa inakuja Machi.

Na sheria iliyoileta Wizara ilikuwa rahisi kuielewa, ndiyo maana iliwaudhi watu wengi. Lugha yenye wasemaji hai arobaini, watu wazima, ilipata Daraja la Uhai: miaka ishirini ya darasa na mwalimu wake, muuguzi anayeijua, na haki ya kuulizwa inataka nini. Pungufu ya hapo ilipata Daraja la Kumbukumbu. Darasa linafungwa, watoto wanapelekwa bweni mjini Mkole, na kijiji kinaletewa Mnenaji, mashine inayosema lugha hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, haiugui wala haizeeki.

Wahesu watu wazima walikuwa arobaini na mmoja. Felista alipokufa wakabaki arobaini kamili. Leokadia alipofunga ulimi wakawa thelathini na tisa, na Ladislaus akaanza kupiga simu. Alimpata binamu yao mmoja aliyekuwa akiendesha treni za umeme kule reli ya kusini, akamsihi aje, akaja na suti. Msikizi, chombo cha Wizara cha kuhesabia wasemaji, ilimsikiliza dakika nne ikamkataa. Alikuwa amebaki na matusi na majina ya vyakula.

*

Msikizi ilikuwa na ukubwa wa chungu cha kupikia maharage ya msibani, imefunikwa ngozi nyembamba ya kijivu iliyotetemeka mtu akipumua karibu yake. Ilikuwa haidanganyiki. Ilijua sauti iliyotoka kwenye koo la mtu na ile iliyotoka kwenye spika, na ilijua mtu anayesema na mtu anayekariri. Kuna kijiji fulani walijaribu kuwafundisha vijana Baba Yetu na nyimbo za harusi; ikawakataa wote kabla ya chakula cha mchana. Ilitaka robo saa ya maneno ya mtu mwenyewe, yakitafutana na kujikwaa kama maneno ya watu yanavyofanya.

Lakini mtu hasemi robo saa na chungu, na maofisa hawakujua Kihesu hata cha kuombea maji. Kwa hiyo aliyeuliza maswali alikuwa Mnenaji, na Mnenaji wa Kihesu alikuwa ametengenezwa kwa sauti ya Felista.

Felista mwenyewe alikubali. Miaka mitatu alikwenda kwenye kibanda cha Wizara kila Jumanne na Alhamisi, akavaa kile kikofia chao, akasema. Alisimulia mapishi, ugomvi wa mashamba, jinsi ya kumtambua mwizi wa kuni. Aliwafokea vijana wa mitambo kwa sababu walikuwa hawali vizuri. Walipomaliza walikuwa na saa elfu mbili za sauti yake, na kwa heshima wakakiita chombo kwa jina lake la ukoo, Nasibwe, wakaliandika ubavuni kwa herufi nyeupe. Hawakujua kwamba ipo siku jina hilo litakuwa halitamkiki. Afisa aliyekileta, Bi Tunu Mshangama, alipoelezwa hayo siku ya kwanza alitafuta plasta kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akayafunika yale maandishi, na watu wakamwona ni binti aliyelelewa.

Siku tatu watu waliingia ukumbini mmojammoja. Waliingia wakiwa wanatania, wakatoka wakiwa wamenyamaza. Mzee mmoja alitoka akaenda moja kwa moja kulala. Jirani yake Leokadia, Gaudensia, alikaa kwenye ngazi akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ameniuliza kama mguu wangu umepona," alisema kwa Kiswahili, kwa sababu aliyekuwa akisema naye ni Leokadia. "Nikamwambia umepona. Halafu ndiyo nikakumbuka."

"Pole," Leokadia alisema.

Alisema pole kwa sababu ndiyo inayosemwa. Yeye mwenyewe hakuwa akihisi kitu. Wiki saba zilikuwa zimepita na hajalia, na alikuwa ameacha kujiuliza kwa nini. Alipofumba ule mdomo Januari alitarajia kwamba kufunga ulimi kutamuuma, kwamba maneno yatamjaa kifuani yakitaka kutoka. Haikuwa hivyo. Maneno yalitulia tu. Kiswahili alichobaki nacho kilikuwa cha sokoni na cha kanisani, hakikuwahi kumbembeleza wala kumchapa, na mtu akikaa ndani yake siku nzima haguswi na chochote. Aliosha vyombo, akasahau, akaviosha tena. Alikuwa na ganzi, na ukweli ni kwamba ganzi ilikuwa ikimfaa.

*

Siku ya tatu alasiri Bi Tunu alikuja nyumbani, amevua viatu vyenye tope mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Alikaa, akakubali chai, akainywa nusu. Alikuwa na kibao cha kuandikia mapajani lakini hakukifungua.

"Mama, mimi nimetoka Tanga. Kwetu matanga yana siku zake, na arobaini ikishasomwa mtu anarudi kwenye kazi zake. Nimeambiwa hapa ni tofauti. Sikuja kukushawishi."

"Umekuja kufanya nini?"

Tunu akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekamatwa. "Nimekuja kukuambia namba. Wamefika thelathini na tisa. Kesho saa nane ninafunga hesabu. Nimeandika barua makao makuu kuomba ukimya wako uhesabiwe, kwamba asiyesema kwa sababu ya desturi ya lugha yenyewe naye ni msemaji. Wamenijibu leo."

"Wamesema nini?"

"Wamesema Msikizi haina sehemu ya kuandika ukimya."

Leokadia aliona hilo ni jibu la haki kabisa. Chungu kinapokea unachotia. Akamwongezea mgeni chai.

"Na Juni?"

"Juni ratiba yangu ni kwa watu wengine. Wanaofuata baada yenu wana wasemaji arobaini na watatu, na wazee sana. Nikiwachelewesha nao wataanguka." Tunu alizungusha kikombe. "Mama, nisikufiche. Mimi nimefunga hesabu za lugha tisa. Saba zilienda Kumbukumbu. Mnenaji ni kitu kizuri, sisemi si kizuri. Nikirudi huko baada ya mwaka, watoto wanaitikia mashine vizuri sana. Ila hawasemeshani."

Mgeni alipoondoka, Leokadia alikaa na ile kauli, akaigeuzageuza, haikumchoma popote.

*

Ladislaus hakuwa na uvumilivu wa Bi Tunu. Alikuja asubuhi na mapema akasimama mlangoni na koti lake la mikutano.

"Dada, sikulazimishi," alisema, na kila anayemjua Ladislaus anajua kinachofuata baada ya maneno hayo. "Lakini mimi nami nilikuwa mtoto wake. Ningemfumba mimi, leo ningekuwa nimeshasema. Mama alikuwa mtu wa darasa lile. Nani aligombana na Wizara mpaka likajengwa?"

"Hukumfumba wewe, kaka."

"Nilikuwa njiani."

"Ulikuwa njiani," Leokadia alikubali. Hakuwa na hasira naye. Kaka yake alikuwa akilia kila alipopita karibu na ukumbi, halafu anajifanya ana mafua, na yeye alimwonea wivu kidogo.

Kwa sababu ya kuchoka kusimamiwa mlangoni, alijifunika kanga akaenda kwa Desderius.

Desderius ndiye mzee wa ukoo wa pili, mwenye haki ya kumfungua. Alikuwa fundi wa pampu za jua, mkaidi, mwenye kifaa cha kusikia alichokitengeneza mwenyewe na ambacho alikizima mtu akimchosha. Alikuwa amelala chali chini ya pampu ya zahanati, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Mama Resti," alisema kabla hajatoka, "najua ulichokuja nacho, na jibu ni hapana."

"Sijakiomba bado."

"Unataka nikuwekee chumvi ya mwaka jana." Alijisukuma akatoka, uso una grisi. "Chumvi ya mwaka jana imeshawafungua watu wawili. Imekwisha kazi yake. Ningekuwa na punje moja mpya, ningeichemsha hata kwenye kijiko, ningekuwekea saa hizi. Juzi nimekwenda bwawa la juu. Maji yananifika hapa." Alijigusa kiunoni.

"Ukiniwekea ya zamani kitatokea nini?"

"Hakitatokea kitu. Hapatapasuka radi. Utalitaja jina, na litakuwa limefunguliwa kwa uongo, na mimi na wewe ndio tutakaojua. Halafu mjukuu wako, huyo aliye tumboni mwa Resti, ataitwa kwa uongo huo mpaka azeeke." Akajifuta mikono. "Mimi ni msemaji wa kumi na nne kwenye karatasi ya yule binti. Nimeongea na kile chombo robo saa. Nilimwambia marehemu habari za pampu, akanisikiliza. Maisha yake yote hakuwahi kunisikiliza habari za pampu."

Leokadia alitaka kucheka akakuta kicheko hakipo.

"Na nikisema bila chumvi?"

"Utakuwa umesema. Hakuna atakayekupiga. Darasa litabaki, na jina litakwenda." Akaokota spana. "Ungeniuliza lipi kubwa ningekudanganya. Usiniulize."

*

Darasa la Kihesu lilikuwa na watoto kumi na mmoja na mwalimu mmoja, Restituta, binti wa Leokadia, mwenye mimba ya miezi saba. Picha za kliniki zilikuwa zimeonyesha mtoto wa kike. Tangu siku hiyo, kabla bibi hajafa, ilikuwa imeshajulikana ataitwa Nasibwe. Felista mwenyewe alikuwa akiliambia tumbo lisiwe na haraka.

Leokadia alimkuta mwanawe nje ya darasa akimfokea binti mmoja aliyechora ukutani. Alikuwa akifoka kwa Kihesu, haraka haraka, huku mkono mmoja umeshika kiuno, na yule binti alikuwa akijitetea kwa Kihesu naye, uongo mrefu wenye mbuzi na dada mdogo ndani yake. Restituta alijaribu kubaki mkali akashindwa. Alimwona mama yake, akahamia Kiswahili kama watu wanavyohama kiti mkubwa anapoingia.

"Shikamoo, mama. Mbona uko juani?"

"Marahaba. Nimetoka kwa Desderius."

"Amekataa."

"Amekataa."

Restituta alimwambia yule binti aende akalete kitambaa na maji. Walisimama wakiangalia mchoro: nyumba, na kitu ambacho huenda kilikuwa mbuzi.

"Mimi sisemi kitu, mama," Restituta alisema. "Mjomba amekuja kwangu jana, amenitaka niseme na wewe. Nimemwambia siwezi. Nikikuambia usifungue kinywa, nitakuwa nimewaza jina la mtoto wangu na nimewaacha hawa. Nikikuambia fungua, nitakuwa nimemnyang'anya huyu," akashika tumbo, "na nimekunyang'anya na wewe. Kwa hiyo nimeamua kunyamaza. Naona ndiyo fani ya familia."

"Wakifunga darasa watakupeleka wapi?"

"Mkole. Kufundisha hesabu." Alimgeukia mama yake. "Mama, unalala?"

"Nalala sana."

"Unalia?"

"Hapana."

Restituta alimtazama kwa namna ambayo zamani ingemuuma, kisha akageuka kuwaita watoto ndani. Leokadia alirudi nyumbani, akala wali wa jana uliopoa, na saa saba na nusu akaenda ukumbini. Alikuwa ameamua. Angeingia, kwa sababu Bi Tunu alikuwa mtu mwenye adabu na haifai kumwacha akisubiri, angekaa robo saa yake kimya, na angetoka. Juni ingefika. Watoto wa Mkole nao ni watoto.

*

Ukumbi ulikuwa na viti viwili na meza. Juu ya meza Msikizi, na pembeni yake Mnenaji na plasta yake. Bi Tunu alikaa nyuma, karibu na dirisha.

"Kuna maswali kumi na mawili," alieleza. "Usipojibu, atasubiri nusu dakika, atakupa moyo, atasubiri tena, halafu ataendelea. La mwisho ndilo la mashauriano yenyewe. Ukilijibu, atanitafsiria mimi kwa Kiswahili, kwa ajili ya kumbukumbu. Unaweza kuondoka wakati wowote, mama."

Leokadia aliitikia kwa kichwa. Ngozi ya Msikizi ilitetemeka kwa pumzi yake.

"Umeamkaje?" alisema mama yake.

Kwa Kihesu, karibu kabisa, sauti yenye mkwaruzo ule wa moshi wa matanuri. Leokadia aliweka mikono mapajani. Alingoja kitu kimpate, hakikumpata. Nusu dakika ikapita.

"Hakuna haraka," sauti ilisema kwa upole. "Sema ukiwa tayari." Nusu dakika nyingine. "Nieleze, mwanangu, ulizaliwa wapi?"

Aliulizwa alizaliwa wapi, alijifunza kuchemsha chumvi na nani, mvua ya mwaka huu imekuwaje. Aliulizwa kuhusu chakula alichokipenda utotoni. Kila mara ilisubiri, kila mara ikampa moyo, na kila mara ikaenda mbele bila kinyongo. Nje watu walikuwa wameegemea uzio. Aliona mgongo wa koti la Ladislaus.

Swali la saba ndilo lililomsumbua, wala si swali lenyewe, ni kule kusubiri. Iliuliza chumvi nzuri inajulikanaje, ikanyamaza, ikasema, "Tuna muda, usijali," kwa Kihesu kitamu, kila neno mahali pake. Leokadia alikaa akishangaa kitu gani hakiko sawa. Halafu akajua. Mama yake hakuwahi kumsubiri mtu hata siku moja. Mama yake aliuliza swali na kulijibu mwenyewe, akakulaumu kwa jibu. Chumvi nzuri inajulikanaje? Kufikia sasa angekuwa ameshasema: tazama mtu amekua mzee, ana mtoto mwenye mimba, bado hajui chumvi; basi kaa hapo uwe jiwe. Angekuwa ameshainuka na kwenda zake.

Swali la nane. La tisa. Sauti ilikuwa na subira ya ajabu. Ilikuwa haichoki, na ilikuwa imechukua kila neno alilokuwa nalo yule mwanamke ikaacha makali yake yote. Akawaza yule binti wa mchoro, na uongo wake wa mbuzi. Angemdanganya nani hapa? Chombo hiki kingemsikiliza mpaka mwisho, kingemwambia vizuri sana, mwanangu. Watoto kumi na mmoja wangekua wakijua kwamba Kihesu ni lugha isiyogombana na mtu, inayosubiri majibu, kisha wangefunga mlango na kugombana kwa Kiswahili.

La kumi. La kumi na moja. Sasa alikuwa akiogopa, na hofu ilikuwa ngeni kwake, maana kwa wiki saba hakuwa ameogopa chochote.

"La mwisho," sauti ilisema. "Serikali inataka kujua. Ungependa isaidie nini, siku zijazo?"

Alimwaza Restituta. Alimwaza mtoto, na jina lililokuwa limekaa likimngojea. Alilijua vizuri jina hilo. Lilikuwa pale pale nyuma ya meno, na lingetoka bila chumvi, na lingekuwa uongo. Hakulitoa. Alitoa neno lingine, makusudi, akijua analofanya.

"Mama yangu amekufa," alisema kwa Kihesu.

Ngozi ya Msikizi ikatulia, ikaanza kusikiliza.

Alisema kwamba alikufa tarehe kumi na tisa Januari, asubuhi, baada ya kulalamikia uji. Alisema alimfumba mdomo ukafunguka, akaufumba tena ukafunguka, mpaka akachana ukingo wa kitenge akaufunga, na alipokuwa akifunga alimwambia moyoni, basi hata sasa hutaki kunyamaza. Sauti yake ilikuwa na kutu, alikosea maneno, akarudi nyuma, akayarekebisha. Alisema chumvi nzuri inajulikana kwa mlio wake ukiisaga, kila mtu anajua hilo. Alisema jinsi walivyogombana Krismasi juu ya sufuria, na kwamba hawakupatana vizuri, na kwamba sufuria yenyewe sasa iko kwake na hataki kuiona. Hapo kifua kikamfunguka akalia, kwa sauti, kama alivyotakiwa kulia Januari, na akaendelea kusema ndani ya kilio mpaka robo saa ikatimia, kwa sababu sasa hakuweza kuacha. Alimpenda na alikuwa amemkasirikia na alikuwa amebaki peke yake. Aliyasema yote matatu.

Mwishoni akafuta uso. "Mnauliza mtusaidie nini. Mwacheni apumzike. Tuleteeni mtu. Hata mkali, hata asiyejua vizuri, hata wa kugombana naye. Lakini awe mtu, anayeweza kufa."

Kisha Mnenaji, kama ilivyopangiwa, ilianza kumtafsiria afisa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Felista, cha polepole, chenye lafudhi ya milimani.

"Mama yangu amekufa," ilisema sauti ya Felista. "Nilimfumba mdomo ukafunguka."

Ilisema yote, bila kuruka neno. Bi Tunu aliandika mistari miwili mitatu kisha akaacha kuandika. Ilipofika kwenye sufuria Leokadia alitazama pembeni. "Mwacheni apumzike," sauti ilimaliza. "Tuleteeni mtu. Hata mkali, hata asiyejua vizuri, hata wa kugombana naye. Lakini awe mtu, anayeweza kufa. Ahsante, mwanangu. Umesema vizuri sana."

Taa ndogo ya Msikizi ikawaka. Bi Tunu alisimama, akaja mezani, akasoma namba ingawa aliijua.

"Arobaini," alisema. Hakupongeza. "Pole, mama."

*

Watu wa uzioni walikuwa wameshasikia, kwa maana ukumbi ule wa mabati haufichi kitu. Ladislaus alikuwa akilia bila kusingizia mafua. Gaudensia alitaka kupiga kigelegele, mtu akamshika mkono. Desderius alimtazama Leokadia akishuka ngazi, akazima kifaa chake cha kusikia, akaondoka kuelekea kwenye pampu zake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amefiwa upya, na yeye hupenda kufiwa peke yake.

Restituta alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya njia, watoto wamerudi darasani. Yeye hakusikia, alikuwa amejiziba kwa kelele za watoto wakikariri jedwali la kuzidisha. Alimwona mama yake akija, macho yamevimba, na akainuka kwa shida.

"Vipi, mama?" aliuliza kwa Kiswahili.

Leokadia alimshika mkono. Alikuwa na mengi ya kuomba radhi, na Kiswahili chake hakikutosha hata moja.

"Kaa chini," alimwambia kwa Kihesu. "Miguu yako imevimba."

Restituta hakukaa. Alisimama akimtazama mama yake mdomoni, muda mrefu, mpaka akawa ameelewa yote. Kutoka darasani watoto walikuwa wameanza kupiga makelele, kila mmoja akimshitaki mwenzake. Aliweka kiganja juu ya tumbo, akakiacha pale.

"Basi," alisema, kwa Kihesu naye, taratibu, "tutamwita nani?"